Mafumbo ya hisabati yenye hatua nyingi: mtoto anakwama wapi, na tumsaidieje?

Mwalimu wa Chamwino (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha hisabati darasa la nne hadi la sita katika shule ya msingi iliyopo wilaya ya Chamwino, na uzi huu nimeuandika kwa ajili ya wazazi na walimu wenzangu wanaolalamika kwamba mtoto anajumlisha, anatoa, anazidisha na kugawanya bila shida yoyote, lakini akipewa fumbo la mistari minne anabaki kutafuna kalamu. Malalamiko hayo ni ya kweli. Hata hivyo, suluhisho linalotolewa mara nyingi, yaani kumwongezea mtoto ukurasa mwingine wa hesabu za kuzidisha, haliligusi tatizo lenyewe, kwa sababu mtoto huyo hakukwama kwenye kuzidisha.

Tuchukue fumbo la kawaida:

"Mkulima wa Hombolo alivuna kreti 18 za zabibu, kila kreti ikiwa na kilo 20. Kilo 45 ziliharibika. Zilizobaki aliziuza kwa shilingi 1,500 kila kilo, kisha akalipa shilingi 60,000 za usafiri. Alibakiwa na shilingi ngapi?"

Swali lililoandikwa ni moja. Maswali yanayopaswa kujibiwa ni manne, na matatu kati yake hayakuulizwa na mtu yeyote. Mtoto anatakiwa ajiulize mwenyewe. Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Katika fumbo la hatua moja mtoto anachagua tendo tu, lakini katika fumbo la hatua nyingi anatakiwa kwanza atunge maswali ambayo mtunzi ameyaficha, na kazi hiyo ya kutunga hatumfundishi. Tunamwonyesha ubaoni majibu yakishuka mstari kwa mstari, naye anaona kana kwamba mwalimu alijua tu kwa kipaji kwamba aanze na 18 mara 20.

Njia ninayoitumia ni kuanzia mwishoni na kurudi nyuma kwa mdomo, kabla kalamu haijagusa daftari. Alibakiwa na shilingi ngapi? Ili nijue hilo, lazima nijue mauzo yote yalikuwa shilingi ngapi. Ili nijue mauzo, lazima nijue aliuza kilo ngapi. Ili nijue kilo alizouza, lazima nijue alivuna kilo ngapi. Je, kilo alizovuna ninaweza kuzipata kutokana na nilichopewa? Ndiyo, maana kreti ni 18 na kila moja ina kilo 20. Mtoto akifika hapo amekwisha kuipata njia yote, na kilichobaki ni kushuka nayo:

18 × 20 = 360 (kilo alizovuna)
360 − 45 = 315 (kilo alizouza)
315 × 1,500 = 472,500 (shilingi za mauzo)
472,500 − 60,000 = 412,500 (shilingi alizobakiwa nazo)

Naomba mtazame maneno yaliyo kwenye mabano kuliko mnavyozitazama namba. Mtoto anayeandika 315 peke yake anaweza kabisa kutoa 60,000, akaona haitoki, akageuza akatoa 315 kwenye 60,000, na asishtuke. Anayeandika "kilo 315" hawezi kutoa shilingi kutoka kwenye kilo bila nafsi yake kumuuliza anafanya nini. Kwa sababu hiyo, darasani kwangu jibu la kila hatua lisilo na jina la kitu halipati alama, hata kama namba ni sahihi. Wazazi wengine wameniona mkali, sijali.

Jambo la pili ni kumtaka mtoto asimulie fumbo kwa maneno yake bila kutaja namba hata moja. "Mtu alivuna zabibu, nyingine zikaharibika, akauza zilizobaki, akalipa gari." Asiyeweza kusimulia hivyo hajalielewa fumbo, na hakuna haja ya kumruhusu aanze kukokotoa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa shule ya msingi swali hili: kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Watoto wengi walijibu, na jibu lililozoeleka lilikuwa 36. Watoto hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoeshwa kwamba kila fumbo la shuleni lina namba, kwamba namba lazima zifanyiwe kitu, na kwamba mwalimu hawezi kuuliza swali lisilo na jibu.

Karibuni tujadili.

Mzazi wa Ipagala

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwa makini na ninakubaliana na sehemu kubwa, lakini kuna jambo linanitatiza. Mwanangu yupo darasa la nne, na shuleni kwao wamebandika ukutani orodha ya maneno ya kumwongoza: "jumla" ni kujumlisha, "zaidi" ni kujumlisha, "baki" ni kutoa, "kila" ni kuzidisha, "gawana" ni kugawanya. Tangu aanze kuitumia alama zake zimepanda. Je, tuiache njia inayoleta matokeo?

Mwalimu wa Chamwino

Marahaba, mama. Alama zimepanda kwa sababu mafumbo anayopewa sasa ni ya hatua moja na yametungwa na watu wanaotumia orodha hiyohiyo. Mpe hili leo jioni:

"Mama Neema ana kuku 14. Ana kuku 6 zaidi ya jirani yake. Wote wawili wana jumla ya kuku wangapi?"

Akifuata ukuta, "zaidi" itampeleka kwenye 14 + 6 = 20, kisha "jumla" itampeleka kwenye 14 + 20 = 34. Kila neno amelitii na jibu si sahihi. Mama Neema ndiye mwenye kuku wengi. Kwa hiyo jirani ana 14 − 6, yaani 8, na wote wawili wana kuku 22. Neno "zaidi" limedai kutoa. Vivyo hivyo, "walibaki 9 baada ya 5 kuuzwa, mwanzoni walikuwa wangapi?" ina neno "baki" na inadai kujumlisha. Orodha ya maneno inamfundisha mtoto kutosoma, maana akishaliona neno lake anaruka sentensi iliyolibeba. Katika fumbo la hatua tatu maneno hayo yapo matano au sita, na hakuna orodha inayoweza kumwambia lipi lifanyiwe kazi kwanza.

Mimi ningemwachia neno moja tu la kuulizia: nani ana kingi? Akilijibu hilo kwa usahihi, tendo linajichagua lenyewe.

Mfanyabiashara wa Kibaigwa

Mimi si mwalimu. Ninanunua na kuuza mahindi katika soko la nafaka la hapa Kibaigwa, lakini jambo hili linanihusu kwa sababu vijana ninaowaajiri wamemaliza shule na bado wanakosea hesabu za aina hiyo kila msimu. Naomba niweke fumbo ambalo huwapa kabla sijawakabidhi daftari la mauzo:

"Mtu alinunua magunia 40 ya mahindi kwa shilingi 60,000 kila gunia, akalipa usafiri wa shilingi 3,000 kwa kila gunia. Magunia 4 yalinyeshewa mvua yakaharibika. Aliyobaki akayauza kwa shilingi 72,000 kila moja. Alipata faida au hasara, na ni kiasi gani?"

Wengi wanasema: gunia limegharimu 63,000, limeuzwa 72,000, faida ni 9,000, mara magunia 36, basi ni 324,000. Wanasahau kwamba magunia manne yaliyooza nayo yalinunuliwa na kusafirishwa.

Mwalimu wa Chamwino

Ndugu wa Kibaigwa, ahsante sana, nitaliiba fumbo hili. Uzuri wake ni kwamba lina njia mbili halali, na hivyo linafundisha kuhakiki vizuri kuliko hotuba yoyote.

Njia ya kwanza inatenganisha fedha iliyotoka na fedha iliyoingia. Iliyotoka ni 40 × 63,000 = 2,520,000. Iliyoingia ni 36 × 72,000 = 2,592,000. Faida ni shilingi 72,000.

Njia ya pili inaanza pale vijana wako walipoachia: faida ya magunia yaliyouzwa ni 324,000, na hasara ya yaliyoharibika ni 4 × 63,000 = 252,000. Tofauti yake ni 72,000 ileile. Mtoto aliyefika mahali pamoja kwa njia mbili hana haja ya kusubiri mwalimu amwekee alama ya vema. Kosa la vijana wako, kwa maoni yangu, si la kukokotoa hata kidogo: wamelichukua swali moja kati ya mawili yaliyofichika wakalijibu vizuri, la pili hawakuliona.

Pale ambapo hakuna njia ya pili, mtoto arudi kinyumenyume. Kwa zabibu za Hombolo: 412,500 + 60,000 = 472,500; gawanya kwa 1,500 upate 315; ongeza 45 upate 360; gawanya kwa 20 upate kreti 18. Tumerudi tulikotoka, basi jibu ni salama.

Mwalimu mstaafu, Kondoa

Vijana wangu, nimefurahi kuona jukwaa linazungumzia jambo la maana. Naongeza mawili.

La kwanza ni lugha. Huku kwetu mtoto anaweza kufika shuleni akiwa amezungumza Kirangi au Kisandawe nyumbani, na kwa wenzetu wa Bahi na Mvumi ni Kigogo. Mtoto huyo Kiswahili cha mchezo anakijua, lakini sentensi kama "alibakiwa na theluthi mbili ya zile zilizosalia" ni nzito kwake kabla hata hajafika kwenye hesabu. Fumbo lisomwe kwa sauti mara mbili, na mtoto asiadhibiwe akiomba maana ya neno. Kusimulia bila namba alikokutaja mwalimu kunasaidia sana hapa.

La pili ni mchoro. Singapore, wizara yao ya elimu iliingiza shuleni katika miaka ya 1980 mtindo wa kuchora kila kiasi kama mstatili mrefu na kuugawa vipande, na nchi nyingi zimeuiga. Hauhitaji kifaa chochote. Hata mavumbini unachorwa. Tazameni fumbo hili:

"Baba alitumia theluthi moja ya fedha zake kununua madaftari. Nusu ya zilizobaki alinunulia sare. Akabakiwa na shilingi 8,000. Mwanzoni alikuwa na shilingi ngapi?"

Mwanafunzi mwenye bidii atajumlisha theluthi na nusu, apate tano ya sita, aseme iliyobaki ni moja ya sita, kisha 8,000 × 6 = 48,000. Hesabu yake ya sehemu ni safi, lakini nusu aliyoichukua ni ya fedha zote, wakati fumbo linasema ni nusu ya zilizobaki. Sasa chora mstatili, ugawe vipande vitatu vilivyo sawa. Kimoja ni madaftari. Vimebaki viwili, nusu yake ni kipande kimoja, nacho ni sare. Kimebaki kimoja, nacho ni 8,000. Vyote vitatu ni 24,000. Mtoto wa darasa la nne ambaye hajafundishwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti ameshalimaliza, na kaka yake wa darasa la sita bado anatafuta kigawe kidogo cha shirika.

Mwanachuo, Dodoma

Shikamooni wazee wangu. Ninasomea ualimu hapa jijini, na naomba kuchangia kuhusu baki, kwa sababu katika mafumbo ya kugawanya ndipo nilipoona watoto wanamaliza hesabu vizuri na kukosa jibu.

Mwaka 1983 katika tathmini ya kitaifa nchini Marekani, wanafunzi wa umri wa miaka 13 waliulizwa: basi la jeshi hubeba askari 36, na askari 1,128 wanapelekwa mafunzoni, yanahitajika mabasi mangapi? Takribani asilimia 70 waligawanya ipasavyo wakapata 31 na baki 12. Lakini walioandika mabasi 32 hawakufika robo ya wanafunzi wote, na walioandika "31 baki 12" walikuwa wengi kuliko waliopatia. Hakuna basi linaloitwa baki 12, na wale askari 12 hawawezi kuachwa kituoni.

Katika mazoezi ya kufundisha nilitumia mgawanyo mmoja, 47 ÷ 5, nikaujengea maswali manne kuhusu mafuta ya alizeti. Mama ana lita 47 za mafuta na madumu ya lita 5. Je, atajaza madumu mangapi hadi juu? Tisa. Anahitaji madumu mangapi ili mafuta yote yabebwe? Kumi. Akiuza madumu yaliyojaa tu, atabakiwa na lita ngapi za kupikia? Mbili. Na kama badala ya kuuza anawagawia sawasawa ndugu watano, kila mmoja atapata lita ngapi? Tisa nukta nne. Watoto walibishana vikali, kwa sababu walikuwa wanaamini kwamba mgawanyo mmoja una jibu moja. Ubishi huo ulikuwa na faida kuliko maelezo yangu.

Katika fumbo la hatua nyingi, baki iliyochukuliwa vibaya huharibu kila kinachofuata. Mfano: "Wanafunzi 125 na walimu 10 wanakwenda kutembelea Bunge. Kosta moja hubeba abiria 29 na hukodishwa kwa shilingi 75,000. Gharama yote inalipwa na wanafunzi peke yao kwa usawa. Kila mwanafunzi atalipa shilingi ngapi?" Watu ni 135, 135 ÷ 29 ni 4 baki 19, kwa hiyo kosta ni 5, gharama ni 375,000, na kila mwanafunzi analipa 3,000. Aliyekwenda na kosta 4 atapata 2,400, jibu linalopendeza machoni, na watu 19 watabaki getini. Pia angalieni kwamba wasafiri ni 135 lakini walipaji ni 125. Mtunzi amebadilisha kundi katikati bila kupiga kelele.

Mzazi wa Ipagala

Nashukuru. Nimempa mwanangu fumbo la kuku, na amejibu 34 kama mlivyosema. Sasa nina swali jingine. Kwenye daftari lake ameandika hesabu ya zabibu kwa mstari mmoja: 18 × 20 = 360 − 45 = 315 × 1,500 = 472,500 − 60,000 = 412,500. Jibu ni sahihi, lakini mwalimu wa twisheni amemkata alama. Ni haki?

Mwalimu wa Chamwino

Ni haki, mama, ingawa mwalimu alipaswa kueleza. Alama ya sawasawa inasema kwamba kilicho kushoto na kilicho kulia vina thamani moja. Huyo mtoto ameandika kwamba 18 × 20 ni sawa na 360 − 45, jambo ambalo si kweli. Anaitumia alama hiyo kumaanisha "kisha nikapata". Leo haimdhuru, lakini atakapokutana na milinganyo ya aljebra, mazoea hayo yatamsumbua. Kila hatua iwe na mstari wake.

Akitaka kuandika kwa mstari mmoja kwa uhalali, aandike (18 × 20 − 45) × 1,500 − 60,000, na hapo atahitaji mabano.

Mwanachuo, Dodoma

Na hapo ndipo MAGAZIJUTO inapoingia: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa.

Mwalimu mstaafu, Kondoa

Inaingia, lakini kwa tahadhari, kijana wangu. Watoto wengi huisoma kana kwamba kujumlisha daima kunatangulia kutoa. Wape 20 − 8 + 5, watajumlisha 8 na 5 kwanza na kupata 7. Jibu ni 17, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha ni hivyohivyo: 24 ÷ 4 × 2 ni 12. Ili kupata 3 ingebidi 4 × 2 iwe ndani ya mabano, na hapa mabano hayapo. Kifupi hicho kinafaa kukumbusha, ila kikifundishwa bila kanuni ya kushoto kwenda kulia kinazalisha makosa kwa utaratibu mzuri kabisa.

Mzazi wa Ipagala

Naomba la mwisho, kuhusu muda. Haya yamemliza kaka yake wa darasa la sita: "Basi liliondoka Dodoma saa 12:30 asubuhi na kufika Singida saa 4:15 asubuhi. Lilisimama Manyoni kwa dakika 25. Ikiwa umbali ni kilometa 240, basi lilitembea kwa mwendokasi gani wa wastani lilipokuwa barabarani?" Yeye alitoa 4:15 kwenye 12:30 akapata saa 8 na dakika 15.

Mwalimu wa Chamwino

Saa zetu huvuka kutoka 12 kwenda 1 asubuhi, kwa hiyo kutoa moja kwa moja hakufai. Apige hatua kwa hatua juu ya mstari: kutoka 12:30 hadi 1:00 ni dakika 30, kutoka 1:00 hadi 4:00 ni saa 3, kutoka 4:00 hadi 4:15 ni dakika 15. Jumla ni saa 3 na dakika 45. Hapo ndipo swali lililofichika linapojitokeza, nalo ni muda gani basi lilikuwa likitembea kweli: ondoa dakika 25 za Manyoni, zinabaki saa 3 na dakika 20, ambazo ni dakika 200.

240 ÷ 200 = 1.2 (kilometa kwa kila dakika)
1.2 × 60 = 72 (kilometa kwa saa)

Akitaka kuhakiki, kwa saa 3 basi linakwenda 3 × 72 = 216, na kwa dakika 20, ambazo ni theluthi ya saa, linakwenda 24. Jumla ni 240. Mwambie pia kwamba lile jibu lake la saa 8 na dakika 15 angeweza kulikataa bila hesabu yoyote, kwa kujiuliza kama basi lililoondoka alfajiri ya saa 12:30 linaweza kutumia saa nane na bado likafika kabla ya saa 5 asubuhi.